Matangazo ya Wiki Ijayo

Mimi ndiye karani ninayeyabandika.
Pini nne kila karatasi, kwa kuwa huku Valdivia
upepo huingia hata pasipo na mlango,
na mvua ya Juni haijui likizo ya mahakama.

Jumatatu, saa sita mchana, chumba cha pili:
Jaji mstaafu Fuenzalida, juu ya ushahidi wa kimya.
(Atazungumza saa mbili nzima.)
Jumanne: nitairudia.
Jumatano, msaada wa sheria bure kwa wapangaji.
Njoo na mkataba wako. Kama huna mkataba,
njoo na risiti. Kama huna risiti,
njoo.
Alhamisi, mahakama ya maigizo ya mwaka wa kwanza,
Jamhuri dhidi ya mwizi wa bata mzinga.
Mshtakiwa ni Nicanor, yule mrefu mwenye kigugumizi,
ambaye kwenye mazoezi amekwisha kukiri mara mbili.
Ijumaa, chakula cha pamoja. Leta sahani, leta na kijiko,
maana vijiko vya kitivo vilihitimu zamani.

Wiki iliyopita tangazo lilikuwa moja tu, la rangi:
MTO NI MALI YA NANI?
Profesa alitoka mji mkuu na slaidi sitini na mbili,
hisa za maji, lita kwa sekunde,
tarakimu ndogo kama sisimizi waliokosa njia.
Tulikuwa watu kumi na mmoja, nikijihesabu,
na mbwa wa bustani aliyefuata jiko.

Na Ermelinda Catrileo, asiyekuwamo kwenye orodha yoyote,
aliyekaa karibu na kuni, koti likifuka mvuke.
Mwenyekiti akamwambia afupishe: ni swali, mama, si hotuba.
Akasimama. Akatoa chupa iliyowahi kuwa ya siki.
"Hiki ni kijito cha nyuma ya nyumba yangu.
Wanasema kina mwenyewe, ila haishi kwetu.
Nikinywa sasa, mbele yenu, ni kosa la aina gani?"

Profesa akatafuta slaidi. Ya hamsini na nane.
Akarudi ya hamsini na saba.
Mvua ikajibu juu ya bati, lakini mvua
haina anwani, haiwezi kuitwa shaurini.
Akanywa.
Hakuna aliyeandika, hata mimi ninayelipwa niandike.
Nilisikia koo lake tu, na kuni zikipasuka.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: sawa.
Haroldo akiumwa mgongo, mfagiaji ni mimi.
Miaka kumi na tisa nazoa unga wa mbao;
meza yenyewe sijaiona.

Leo Jumapili. Fomu ya mkuu wa kitivo iko mbele yangu.
Msemaji. Nimeandika: Ermelinda Catrileo.
Cheo. Kidole kikabaki hewani.
Nikaruka, kompyuta ikawa nyekundu, haitaki nafasi tupu.
Nikaandika Mlalamikaji, nikafuta, kwani hakulalamika;
aliuliza, kisha akanywa.
Nikaandika Shahidi. Ikakubali.
Taasisi: Kijito.

Mkuu ataniita kesho asubuhi, kabla ya jaji.
Nitasema ni kosa la uchapaji.
Au sitasema hivyo. Kesho ina adabu yake.

Nimepiga simu dukani wanakomwekea ujumbe.
Jibu limekuja baada ya saa nzima, kwa sauti ya mtoto:
atakuja, iwapo daraja halitafunikwa;
kipaza sauti hakitaki;
na viti visipangwe kama kanisani,
mtu akaona visogo tu.

Basi, kwa wote. Jumanne, saa kumi na mbili jioni,
chumba chenye jiko. Viti arobaini,
tutavizungusha.
Makoti yabaki mlangoni.
Mbwa anaruhusiwa.
Slaidi hazitakuwepo.
Bilauri zitakuwepo.